Rangi ya Kope na Jicho la Sungura

Jicho ni kiungo kidogo, lakini lina heshima kubwa katika uso wa mwanadamu. Watu wakutanapo, hutazamana macho kabla ya kupeana mikono, na mara nyingi jicho hulisema neno ambalo ulimi umelificha. Si ajabu basi kuwa watu wa zamani na wa sasa wamelitunza na kulipamba. Wamisri wa kale walipaka macho yao rangi za madini yaliyosagwa. Katika pwani yetu wanja wa manga ulikuwa kipambo cha bibi harusi, cha mtoto mchanga, na hata cha wanaume wacha Mungu siku ya Idi. Pambo la jicho, basi, si jambo la jana wala halikuletwa na magazeti ya picha.

Nakuandikia, msomaji, kutoka Kambi Muru, kimoja cha vijiji vya Kibera katika jiji la Nairobi. Kibera ilianza kukaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na askari wenye asili ya Sudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wazao wa askari wale, Wanubi wa Kenya, wangali hapa. Na mwezi wa Juni mwaka 2017 walipewa hati ya ardhi ya jumuiya, ekari 288, baada ya kuidai kwa miaka mingi. Pamoja nao twakaa watu wa makabila mengi, mlango kwa mlango, na katika vichochoro vyetu hakuna harusi ya mtu mmoja. Siku ya harusi utawaona kina mama katika gurbaba zao, utasikia harufu ya udi, na utaiona hina imekauka mikononi mwa wasichana. Kazi yangu mimi ni kuwapamba maharusi na wasindikizaji wao. Kwa hiyo nina haki kidogo ya kusema juu ya macho, kwa maana nimeyaona mengi kwa karibu.

Zamani mpambaji alihitaji kibuyu cha wanja na kijiti tu. Siku hizi anahitaji kijaluba cha rangi za kope. Ukikifunua utaona vishimo vilivyojaa poda iliyoshindiliwa, kila kimoja na rangi yake: hudhurungi, dhahabu, kijivu cha jivu, buluu ya jioni, nyekundu ya tofali. Poda hiyo hupakwa juu ya kope kwa brashi ndogo au kwa ncha ya kidole. Tofauti ya vijaluba ni kubwa kuliko udhaniavyo. Vipo vya shilingi 200 vinavyotandazwa juu ya turubai kando ya njia, na vipo vya maelfu katika maduka yenye vioo na taa. Kwa macho ya mnunuzi vyote vyameremeta sawasawa. Lakini wazee walisema kweli: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na ndani mna nini? Mng'aro hutokana na ulanga, yale madini ya vigamba ambayo wengine huyaita maika. Ulaini hutokana na jiwe la talki lililosagwa. Rangi ya udongo, ya manjano na nyeusi hutokana na kutu ya chuma iliyotengenezwa kwa uangalifu. Rangi nyekundu ya damu mara nyingine hutolewa kwa wadudu wadogo waitwao kochinili, wafugwao juu ya mipungate, hasa katika nchi ya Peru. Vitu hivi vikisafishwa ipasavyo havina madhara. Visiposafishwa, huleta sumu pamoja navyo. Wanja wa manga wenyewe, ambao twausifu, mara nyingi ni madini ya risasi yaliyosagwa. Na wataalamu wa afya wa ulimwengu wameeleza kuwa hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, hasa mwilini mwa mtoto. Mwaka 2019 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitangaza kuwa imeikuta asbesto katika baadhi ya vipodozi vya unga, na rangi za kope zilikuwa miongoni mwavyo. Ikiwa jambo hilo latokea katika nchi yenye maabara nyingi, wewe pima mwenyewe hali ya kijaluba kisicho na jina kilichokaa juani kando ya njia.

Sikulazimika kwenda mbali kuuona ushahidi wa jambo hilo. Binti wa dada yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikwenda harusini akiwa amepakwa rangi aliyoazimwa na mwenzake, iliyonunuliwa bila jina wala tarehe. Usiku macho yalimwasha. Alfajiri kope zilikuwa zimevimba hata hakuweza kuzifumbua, na machozi yalimtiririka mashavuni. Muuguzi wa zahanati aliyaosha macho yale kwa maji safi kwa muda mrefu, akampa dawa, akamwonya. Siku mbili binti hakusoma hata mstari mmoja, na mtihani wake wa muhula ulikuwa umebaki wiki moja. Alipona, na twashukuru. Lakini siku zile mbili, aliposhikwa mkono kwenda msalani kama kipofu, zilimfunza jambo ambalo mimi sikuwa na uwezo wa kumfunza kwa maneno.

Tangu siku ile niliazimia kutafuta kijaluba kitakachotimiza masharti mawili: kiwe salama, na kiwe cha bei ambayo mtu wa Kambi Muru aweza kuilipa pasipo kuuza sufuria. Nilitafuta Toi, nikatafuta Makina, nikaenda hadi Kawangware, ambako dada yangu anauza mboga. Huko, katika duka dogo la vipodozi, nilikipata kimoja cha rangi tisa kwa shilingi 850. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa insha hii si tangazo la biashara. Kilikuwa na jina la mtengenezaji na nchi yake, orodha ya vitu vilivyomo, nambari ya toleo, na stika ya Shirika la Viwango la Kenya ambayo hubandikwa juu ya bidhaa zitokazo nje. Tena kilikuwa na alama ndogo iliyonishangaza: sungura anayeruka.

Sasa sikiliza jinsi nilivyokijaribu, maana huenda nawe utahitaji kufanya hivyo. Siku ya kwanza sikugusa jicho. Nilipaka rangi tatu ndani ya mkono wangu, karibu na kiwiko, nikaziacha mchana kutwa na usiku kucha. Ngozi haikuwasha wala haikuwa nyekundu. Siku ya pili nilipaka rangi moja, ya hudhurungi, juu ya kope moja tu, nikaiacha ya pili bila kitu ili nipate kulinganisha. Nilikwenda sokoni, nikapita katika vumbi, nikapika kwa jiko la makaa, nikarudi kutazama kioo. Rangi ilikuwa pale pale, na jicho halikutoa chozi. Siku ya tatu nilizipaka zote, moja baada ya nyingine, nikiziosha kwa mafuta kidogo na pamba safi.

Niliyoyaona ni haya. Rangi za udongo na ile ya tofali zilikaa vyema juu ya ngozi nyeusi. Zilionekana kana kwamba zimezaliwa nayo. Dhahabu ilikuwa nzuri kupita zote, hasa ikipakwa kwa kidole chenye unyevu kidogo. Lakini rangi mbili hafifu, ya waridi na ya maziwa, hazikufaa kitu: juu ya ngozi yangu ziligeuka vumbi la chokaa. Jambo hilo ni la kawaida, kwa kuwa vijaluba vingi hutengenezwa na watu wasioifikiria ngozi yetu. Ndiyo maana niliwafurahia Wakenya kama Suzie Wokabi, aliyeanzisha kampuni ya SuzieBeauty ili kutengeneza vipodozi kwa ajili ya wanawake wa Kiafrika. Buluu ilikuwa ya wastani. Yahitaji kupakwa mara mbili.

Watu watasema kuwa shilingi 850 ni nyingi. Mimi niliweka hesabu katika daftari. Kijaluba kile kimepamba nyuso 40 nami bado nakitumia. Kila uso umenigharimu kiasi cha shilingi 21. Kabla yake nilipata kununua kingine cha shilingi 250 ambacho poda yake ilikuwa ikivunjika na kumwagika. Kilikwisha baada ya nyuso 9, yaani karibu shilingi 28 kwa kila uso. Rahisi ilikuwa ghali.

Jioni moja binti wa dada yangu alikishika kile kijaluba, akakigeuza mgongo, akaniuliza, "Mama mdogo, sungura huyu anatafuta nini hapa?" Sikuwa na jibu kamili siku hiyo. Nililitafuta katika vitabu na katika intaneti, na nililolipata nitakueleza kwa utaratibu, kwa sababu ni habari ya macho ya watu na macho ya wanyama pamoja.

Katika mwaka 1933 iliuzwa Marekani rangi ya kupaka kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure. Ilikuwa na kemikali kali. Wanawake kadhaa walipofuka kwa sababu yake, na mmoja alikufa. Wakati huo hapakuwa na sheria ya kuizuia rangi hiyo isiuzwe. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka 1938 nchi hiyo ikapitisha sheria mpya iliyoweka vipodozi, kwa mara ya kwanza, chini ya usimamizi wa serikali. Hapo likazaliwa swali: mtu ataijuaje sumu kabla haijafika katika jicho la mnunuzi? Mwaka 1944 mtaalamu wa serikali aliyeitwa John Draize, pamoja na wenzake, alieleza njia ya kujaribu. Njia hiyo ilikuwa ni kutumia jicho la sungura.

Sungura mweupe aliwekwa katika kizimba chembamba kilichombana, kichwa kikiwa nje, ili asiweze kujikuna. Kope ya chini ya jicho moja ilivutwa, na kitu kinachojaribiwa kikatiwa humo. Jicho la pili liliachwa ili lilinganishwe. Kisha watu walikuja kutazama baada ya saa 24, baada ya saa 48, baada ya saa 72, na mara nyingine kwa siku nyingi zaidi, wakaandika alama: wekundu kiasi gani, uvimbe kiasi gani, ukungu kiasi gani juu ya kioo cha jicho. Sungura alichaguliwa kwa kuwa ni mpole, ana jicho kubwa, na ni rahisi kufugwa. Tena machozi yake ni machache kuliko ya mtu. Kwa hiyo sumu ikiingia jichoni mwake haioshwi upesi. Kazi ilipokwisha, kwa kawaida aliuawa.

Nilipomsomea binti habari hii alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Mimi niliosha macho kwa maji. Yeye aliosha kwa nini?" Msomaji, nimesoma mabishano mengi ya wataalamu juu ya jambo hili, lakini sikuona swali lililozidi hilo. Lilitoka kwa mtu aliyekwisha kulala usiku mmoja na moto ndani ya kope.

Huenda utasema kuwa mateso yale yaliwaokoa watu. Neno hilo lina ukweli, na si haki kulificha. Watu waliobuni njia ile hawakuwa wakatili kwa kupenda ukatili. Walitaka asipofuke mwanamke mwingine. Lakini jicho la sungura si jicho la mtu, na jibu lake si la kutegemewa sikuzote. Mwaka 1971 watafiti wawili, Weil na Scala, walichapisha uchunguzi uliolinganisha maabara nyingi zilizojaribu vitu vile vile kwa njia ile ile. Majibu yalitofautiana sana baina ya maabara moja na nyingine. Basi mnyama aliteswa, na mara nyingine jibu lenyewe likawa la kubahatisha.

Mwaka 1980 mwalimu mmoja wa New York, Henry Spira, alichanga fedha na wenzake, akalipia ukurasa mzima wa gazeti la New York Times kuwauliza watu wa kampuni ya Revlon juu ya sungura wanaopofushwa kwa ajili ya urembo. Kabla ya mwaka huo kwisha, kampuni hiyo ilitoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller ili itafutwe njia nyingine. Mwaka 1989 Revlon na Avon zilitangaza kuacha kujaribu vipodozi kwa wanyama. Mwaka 1996 vyama vya kutetea wanyama vya Marekani na Kanada viliungana kuweka alama moja, sungura anayeruka, kwa kampuni zinazokubali kukaguliwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza majaribio ya vipodozi vilivyokamilika mwaka 2004, ya vitu vinavyotiwa ndani yake mwaka 2009, na mwezi wa Machi mwaka 2013 zikakataza hata kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. China, ambayo kwa muda mrefu ililazimisha majaribio hayo kwa vipodozi vitokavyo nje, ililegeza sharti hilo mwaka 2021 kwa vipodozi vingi vya kawaida.

Na usalama je? Hapa ndipo elimu ya sayansi ilipofanya kazi yake vizuri. Siku hizi maabara hutumia macho ya ng'ombe waliokwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama, ambayo zamani yangetupwa. Tena hukuza chembe za mwili wa binadamu katika vyombo vya kioo hata ziwe utando mwembamba mfano wa ule utando wa mbele wa jicho, wakaitia rangi juu yake na kutazama kama chembe zinakufa. Jibu hupatikana upesi zaidi, na hakuna anayelia. Wewe unayesoma biolojia na kemia shuleni, usidhani masomo hayo ni ya kupita mtihani tu. Watu waliowatoa sungura wale kizimbani ni pamoja na wale waliokaa na darubini mpaka wakapata njia bora.

Nilipoyasimulia haya barazani, jirani yetu mmoja, mzee afugaye sungura nyuma ya nyumba yake na kuwauza kwa nyama, alicheka. "Binti yangu," akasema, "wewe mwenyewe umekula sungura wangu mwezi jana, ukaomba mchuzi wa pili. Leo wamlilia sungura wa Wazungu? Huruma ya namna hiyo ni ya watu walioshiba. Sisi hapa twatafuta maji."

Neno lake halikuwa la kipuuzi, nami nililijibu kwa heshima. Nikamwambia, "Mzee, siku unapochinja, kwa nini wanoa kisu kwanza?" Akajibu kuwa ndivyo alivyofundishwa na baba yake, mnyama apewe raha, asicheleweshwe, wala asionyeshwe kisu. Nikamwambia kuwa hapo basi hatuna ugomvi. Yeye hutwaa uhai kwa haja ya chakula, na hata hivyo hujizuia asizidishe maumivu. Mimi nasema juu ya maumivu ya siku tatu kwa ajili ya buluu ya jioni juu ya kope. Kama haja ya tumbo ina mpaka, haja ya kioo yawezaje kukosa mpaka? Hata sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, haiwakatazi watu kuchinja. Lakini yakataza kumtesa mnyama, na hairuhusu majaribio juu ya mnyama hai bila idhini.

Mzee alifikiri, kisha akasema, "Lakini la maji ni kweli." Ndiyo, la maji ni kweli. Nami sikusema kuwa mtu mwenye ndoo tupu aanze kwa kutafuta rangi. Nasema tu kuwa mtu wa Kibera akiwa na shilingi ya kununulia pambo, naye pia anayo dhamiri ya kuitumia shilingi hiyo. Nawakatalia wale wanaodhani kuwa maskini hana haki ya kuchagua. Kwamba yeye ni wa kutupiwa chochote, kiwe na sumu au kiwe na damu. Kumwambia mtu kuwa huruma si saizi yake ni kumdharau.

Hata hivyo, msomaji, usiisujudie alama. Nimekwambia habari ya sungura. Sasa nikuambie mambo ambayo sungura yule hayasemi. Kwanza, hasemi kuwa ndani ya rangi hamna kitu cha mnyama. Kijaluba chaweza kuwa na alama hiyo na bado nyekundu yake ikatokana na wale wadudu wa mipungate. Anayetaka kuepuka hata hayo hana budi kusoma orodha. Pili, hasemi kuwa rangi ni salama kwa jicho lako. Mwili wa mtu mmoja hukataa kitu ambacho mwili wa mwingine hukipokea. Tatu, na hili ndilo lililonihuzunisha zaidi, hasemi lolote juu ya watu walioichimba ile rangi. Ulanga mwingi unaong'arisha vipodozi umetoka katika majimbo ya Jharkhand na Bihar nchini India, na huko imeonekana mara nyingi kuwa watoto huingia katika mashimo na kuokota vigamba vile badala ya kwenda shule. Mwaka 2017 kampuni na vyama kadhaa viliungana ili kulikomesha jambo hilo, na kazi ingali ikiendelea. Je, ni haki jicho la sungura lipone na mgongo wa mtoto uvunjike? Kampuni iliyo tayari kujibu swali la kwanza yafaa iulizwe na la pili.

Nne, alama yaweza kuigwa. Mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa aweza kuchora sungura. Kampuni nyingine hujichorea wanyama wa kupendeza bila kukaguliwa na mtu. Sungura wa kweli ana chama kilicho nyuma yake na orodha ya majina ya kampuni zilizokubaliwa, na orodha hiyo husomwa bure katika intaneti. Tafuta jina la kijaluba chako humo. Vilevile stika ya viwango ina nambari, na nambari hiyo yaweza kuulizwa kwa simu. Kazi hiyo ni ya dakika tano, nayo ni ndogo kuliko kukaa gizani siku mbili.

Nawe ambaye bado ni mwanafunzi, nakuusia machache zaidi. Kanuni za shule yako zikikataza rangi, zitii. Uso wako hautakimbia. Siku ya kupaka itakapofika, jaribu kwanza katika ngozi ya mkono. Usipake penye kidonda wala juu ya jicho jekundu. Usiazime brashi, wala usimwazime mtu yako, hata awe rafiki wa kufa na kuzikana. Mapema mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea upesi Mombasa na Dar es Salaam, na magonjwa ya namna hiyo hupita kwa mkono na kwa kitambaa. Rangi ikibadilika harufu, itupe. Jicho likiwasha, lioshe kwa maji mengi safi na uende zahanati, usingoje kesho.

Na wavulana wasemao kuwa insha hii haiwahusu, nawauliza: je, ninyi hamnunui sabuni, mafuta na manukato? Maswali ni yale yale. Kila kitu tununuacho kimepita katika mikono ya watu wengi kabla ya kufika katika mkono wetu, na mara nyingine kimepita katika mwili wa kiumbe asiye na sauti. Fedha tunayotoa ni kama kura, yasema, "Endeleeni hivyo hivyo," au yasema, "Acheni." Ukurasa mmoja wa gazeti uliigeuza kampuni kubwa kwa sababu kampuni iliwaogopa wanunuzi, na wanunuzi hao walikuwa watu wa kawaida kama wewe na mimi.

Jicho ni amana. Lako ni amana yako, la mwenzako ni amana yenu nyote wawili, na la mnyama ni amana ya yeyote aliye na nguvu juu yake. Jipambe, kwa maana uzuri si dhambi na furaha ya harusi si kosa. Lakini kabla ya kufunua kijaluba, kigeuze mgongo kwanza na usome. Uliza nani alijaribiwa, nani alichimba, na nani atadhurika. Ukipata majibu yanayokuridhisha, paka rangi yako, inua kichwa, utazame watu machoni.